Ukiwa na mafua, Gombe itakusubiri

Ukiwa na mafua, usiende Gombe. Naanza na hili kwa sababu kila anayeniuliza habari za kule huanzia kwenye boti, viatu, mahali pa kulala, na kama kweli sokwe huonekana. Hayo nitayafikia. Lakini katika yote niliyoyapata kwenye ule msitu mdogo ulioinamia Ziwa Tanganyika, lililonikaa moyoni kuliko mengine ni asubuhi ambayo mtu wa familia yetu, aliyesafiri kwa treni kutoka Tabora kwa ajili ya siku ile tu, aliambiwa hawezi kupanda kuwaona.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma mjini. Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilomita kama 16 tu kaskazini mwa mji, na bado nina majirani waliozeeka bila kuikanyaga. Wanaamini kule ni kwa Wazungu. Hilo linaniuma, maana kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni wa nje. Kinachokula pesa ni boti. Ukikodi ya peke yako, mafuta na injini ni juu yako kwenda na kurudi, kwa hiyo ni vyema mjikusanye watu watano au sita mchangiane. Asiye na uwezo huo anaweza kupanda boti za abiria za Kibirizi, ufukwe wa boti karibu na mjini, zile zinazoleta watu wa Mwamgongo, kijiji cha kaskazini mwa hifadhi, mjini alfajiri na kuwarudisha mchana. Zinapita Gombe njiani. Nimewahi kwenda nazo nikiwa nimekalia gunia la unga, miguuni kuna kuku wamefungwa, pembeni mama mmoja anamnyonyesha mwanawe huku akibishana na nahodha juu ya nauli ya godoro. Safari hiyo huchukua saa mbili, wakati mwingine tatu, kwa kuwa inasimama kijiji kwa kijiji. Uliza jaketi okozi kabla hujapanda, na ukiambiwa hakuna, subiri boti nyingine. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470 mahali palipo pa chini kabisa, na upepo wa mchana wakati wa kiangazi hauna salamu.

Kitu cha kutazama ukiwa kwenye boti ni milima. Kutoka Kibirizi kwenda juu, miteremko mingi imebaki majani na mashamba ya mihogo, udongo mwekundu umechanwa na mvua mpaka chini. Halafu ghafla, kwenye mpaka wa hifadhi, miti inaanza. Haikuwa hivyo zamani. Msitu ulikuwa mmoja kando yote hii ya ziwa. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, aliruka juu ya eneo hili kwa ndege ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaona Gombe imebaki kisiwa cha kijani katikati ya milima mitupu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshuka kwenye ufukwe huo tarehe 14 Julai 1960, msichana wa miaka 26 aliyefuatana na mama yake kwa kuwa wakuu wa wakati ule hawakukubali akae porini peke yake.

Tulishuka Kasekela, kambi kuu ya hifadhi, siku za mwanzo wa Desemba, shule zimefungwa: mimi, kaka yangu, shemeji yangu mke wa kaka, na rafiki yetu wa Dar es Salaam. Ufukwe wa pale ni wa kokoto na mchanga mkubwa, maji ni meupe kiasi kwamba unawaona samaki wadogo wenye milia wakizunguka mawe. Nyani walikuwa wamekaa mchangani kama wenye mji. Kuhusu nyani nitasema kwa ufupi: zipu ya begi ifungwe, mlango ufungwe, chakula kisionekane. Rafiki yetu alitoa mkate kwenye mfuko akiwa bado anavua viatu, na dume moja lilikuja likauchukua mkononi mwake bila haraka, likaenda kukaa hatua chache kutoka kwetu na kuufungua. Usilifukuze. Nyani aliyekwisha kuonja chakula cha binadamu huwa msumbufu kwa kila mgeni anayefuata, na hasira yake ikimfika mtu mwingine, chanzo ni mkate wako. Ndiyo maana sehemu ya kulia chakula pale imezungushiwa wavu, sisi tunakula ndani na wao wanatembea nje.

Asubuhi yake, kama saa kumi na mbili na nusu, kijana wa kutuongoza alikuja. Alimwamkia shemeji kwanza, maana ndiye aliyekuwa mkubwa kwetu sote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akatuuliza kama kuna mwenye mafua, kikohozi, homa au kuharisha. Shemeji alikohoa kabla hajajibu. Akasema ni vumbi la treni, kimemwanza juzi.

"Pole sana mama. Na pua?"

"Inachuruzika kidogo, asubuhi tu."

"Basi mama, utanisamehe. Leo huko juu hutapanda."

Kaka alikuja juu. Akamwambia kijana kwamba huyu mama ametoka Tabora, kwamba tumekwisha kulipa, kwamba atavaa hata barakoa mbili na kukaa nyuma kabisa. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, ningekuwa mimi ndiye ninayeumwa, nisingepanda. Mwenzetu mmoja ana mafua, amekaa huku chini tangu juzi, na yeye ndiyo kazi yake."

Aliyemaliza mabishano ni shemeji mwenyewe. Ni muuguzi mstaafu, miaka mingi amekuwa wodi ya watoto. Alimuuliza kijana kama sokwe wanashikwa na magonjwa yetu kweli au ni tahadhari tu. Kijana akamweleza mambo ambayo baadaye nimeyasoma mwenyewe: mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki wakiburuta mkono au mguu, na watafiti wakawa wanawatilia chanjo ndani ya ndizi. Mwaka 1987 ugonjwa wa njia ya hewa ukawaua wengine. Sokwe ni ndugu wa karibu sana wa binadamu kwa damu na maumbile, kwa hiyo kirusi kinachotufanya sisi tupenge kamasi siku tatu kinaweza kuwaangusha wao kwa nimonia. Na wote wa Gombe ni kama mia moja tu. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano hivi. Ukimuua mama mmoja kwa kikohozi chako, pengo lake halizibwi upesi.

"Wodini," shemeji akamwambia kaka, "nilikuwa namzuia hata baba mzazi mlangoni akiwa na mafua. Na alikuwa ametoka mbali vilevile. Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."

Tukamwacha ufukweni, tukapanda.

Kabla ya hapo niliziona zile kanuni za Gombe kama makaratasi ya ofisini: barakoa usoni, umbali wa mita 10, watu wasiozidi sita kwa kundi, saa moja tu mbele ya sokwe, hakuna kula wala kutema mate msituni. Nilizitii kwa kuwa nimeambiwa. Kuanzia asubuhi ile nilizielewa kwa mtu ninayemjua. Mgeni anayeingia msituni hubeba pua na kifua chake, na kila kanuni pale imetungwa kumlinda sokwe dhidi ya kifua hicho.

Jambo la watoto nalo liko humohumo. Watu hukasirika wakiambiwa mtoto mdogo haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Watoto huugua mafua mara kwa mara, huo ni upande mmoja. Upande mwingine ni mzito zaidi. Sokwe ni wawindaji. Huwinda mbega wekundu na kula nyama yao, na mwaka 2002 dume mmoja wa Gombe alimnyakua na kumuua mtoto mchanga wa binadamu aliyekuwa amebebwa msituni. Mwenye watoto wadogo na aje kwa ajili ya ufukwe na ziwa, sokwe wawasubiri wakue.

Sasa njia. Gombe haina barabara wala gari. Ni mabonde yaliyopangana yakishuka kutoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa mpaka ziwani, kila bonde na kijito chake, na kati ya bonde na bonde kuna mgongo mkali wa mlima. Chini kwenye vijito msitu umefunga, una ubaridi na mimea itambaayo. Ukipanda mgongoni unakuta miombo na majani marefu, na jua linakupiga. Desemba mvua imekwisha kuanza, njia ni tope na mizizi. Viatu viwe na meno. Fimbo inasaidia sana wakati wa kushuka, kuliko wakati wa kupanda. Maji lita mbili kwa mtu si mengi. Wenye kutaka picha nzuri na njia kavu wengi huja Julai hadi Oktoba. Wakati wa mvua sokwe hawatangi mbali sana, kwa hiyo huwa rahisi kuwapata, ila utateleza.

Na kupatikana kwenyewe kuna watu wake. Sokwe hulala kila usiku kwenye kiota kipya, anakunja matawi juu ya mti na kutengeneza kitanda. Wafuatiliaji hukaa nao mpaka wamelala, wanaweka alama, na alfajiri wanarudi pale pale kabla hawajaamka. Kijana wetu alikuwa akiongea nao kwa redio njia nzima: wameshuka, wako mtini wanakula, wamevuka kijito. Kazi hii ina historia ambayo sisi Waswahili tungepaswa kuijua vizuri zaidi. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, ambayo sasa ni Kongo, wakawateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Waliachiwa baadaye, lakini wanafunzi wa nje wakaondoka. Waliobaki kuandika kila siku nani amekula nini, nani amempiga nani, nani amezaa, ni Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya kandokando. Daftari halikufungwa. Utafiti huo unaotajwa dunia nzima kuwa miongoni mwa iliyodumu muda mrefu kuliko yote juu ya wanyama wa porini umesimama kwenye miguu ya watu hao, ambao wanapanda na kushuka milima ile kila siku ya Mungu. Nikisikia Gombe ikisimuliwa kama hadithi ya mtu mmoja, nasikitika, ingawa mtu huyo, Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, nampa heshima yake yote.

Tulitembea zaidi ya saa mbili. Kisha kijana akainua mkono, tukavaa barakoa, tukatakasa mikono.

Alikuwa jike na mtoto wake, wamekaa kwenye kichuguu. Huu ni msimu wa mchwa, mvua za kwanza. Mama alichuma bua la jani, akalipitisha midomoni kulisafisha, akang'ata ncha yake ikakaa sawa. Kwa kidole cha shahada akakwangua kitundu kwenye kichuguu, kidogo sana, mimi nisingekiona. Akaingiza bua polepole, mkono wake ukizunguka kidogo kufuata kona za ndani, akasubiri. Akalivuta taratibu. Mchwa askari walikuwa wameling'ata, wananing'inia, vichwa vyekundu. Akaliegemeza juu ya mkono wake mwingine na kuwaokota kwa midomo mmoja mmoja, akitafuna kwa sauti tuliyoisikia. Bua lilipolegea aligeuza ncha ya pili. Lilipokwisha nguvu kabisa alinyoosha mkono bila kutazama, akachuma jingine.

Hiki ndicho kitendo kilichoonekana hapo 1960 na kuwafanya wanasayansi wabadilishe walichokuwa wakisema, kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza zana. Kwangu mimi mwalimu, macho yalikuwa kwa mtoto. Alikuwa binti. Alikaa ameegemea paja la mama, uso wake karibu kugusa kichuguu, akifuata bua likiingia na kutoka. Aliokota bua lililotupwa, akalichomeka mahali ambapo hapana tundu. Mama hakumkanya wala kumshika mkono. Kijana akatunong'onezea kwamba mabinti huwahi kujua kazi hii kuliko wavulana, kwa kuwa wanakaa kutazama wakati wa kiume wanabiringishana pembeni. Watafiti wa Gombe wameliandika hilo. Nimerudi darasani na kuwapa wanafunzi wangu nafasi zaidi ya kutazama kabla sijawapa zamu ya kujaribu, na naona kazi ya maabara inakwenda.

Majina nayo yananifurahisha. Mtoto hupewa jina linaloanza na herufi ya mama yake, kwa hiyo ukisikia jina unajua ukoo. Flo alimzaa Fifi, Fifi akawazaa Freud na Frodo. Gremlin alizaa mapacha mwaka 1998, Golden na Glitter, na wote wawili wakakua, jambo la nadra sana kwa sokwe wa porini. Wenyeji wetu wa Gombe huwataja hivyo, kama unavyowataja watoto wa jirani.

Halafu wakaja wengine, wanne, kutoka bondeni, na mmoja akapita njia ileile tuliyokaa. Hapo nikaona mita 10 ni kazi ya nani. Sokwe hajui kanuni. Kijana alitusogeza nyuma kwa ishara, tukarudi kinyumenyume ndani ya majani, yule dume akasonga, tukarudi tena. Rafiki yetu alitamani abaki pale pale apigwe picha sokwe akipita nyuma yake, na simu ilikuwa mkononi. Kijana akaishusha ile simu kwa kidole kimoja, kwa upole, akamwonyesha pa kukanyaga. Saa yetu ilipoisha tuliondoka, ingawa ndiyo kwanza walikuwa wameanza kusafishana manyoya mbele yetu.

Tulipitia maporomoko ya Kakombe wakati wa kushuka, maji yanaanguka kwenye ukuta wa mwamba kati ya mimea itambaayo, hewa yote ni manyunyu. Hapo ni mahali pa kukaa kimya na kupoza miguu, sina zaidi ya kusema.

Shemeji tulimkuta ufukweni amekaa na wanawake wawili wa pale hifadhini, wanachambua mboga na kucheka. Siku yake ilikuwa imejaa. Alikuwa ameona wavuvi wakianika nyavu kwenye mitumbwi, ameona pongo akishuka kunywa maji ziwani, na amekwisha kuelezwa habari zote za Mwamgongo, nani kaoa na nani kahamia mjini. Kaka alikuwa bado na uchungu wa pesa. Yeye hakuwa nao. Aliuliza tu kama tumekaa mbali inavyotakiwa.

Alirudi Juni iliyofuata, kifua kikiwa safi. Siku ya kwanza sokwe walikuwa upande wa mbali wa hifadhi na hatukuwafikia; siku ya pili tuliwapata, juu kabisa, na yeye na miaka yake sitini na kitu alipanda akiwa mbele ya kaka. Kwa hiyo anayeweza, apange kulala usiku mbili. Mtu wa siku moja anaweka roho yake mkononi mwa bahati, na mtu mwenye haraka ndiye anayeshawishika kuficha kikohozi.

Wakati wa kurudi mjini tulipita karibu na ufukwe, mbele ya Mtanga, kijiji kilichopakana na hifadhi kwa kusini. Shemeji akamuuliza nahodha mbona mlima ule una vichaka na ule wa jirani yake hauna kitu. Nahodha akasema ule ni msitu wa kijiji. Mradi wa TACARE, wa Taasisi ya Jane Goodall wa kurudisha misitu pamoja na wanavijiji, ulianza 1994 kwenye vijiji vya huku, na baada ya ubishi mwingi wa mikutano vijiji vikapima ardhi yao, vikatenga sehemu ya kulima, ya kuchungia na ya kuacha. Kwenye sehemu iliyoachwa hawakuhitaji kupanda miti mingi. Visiki vya miombo vilikuwa hai ardhini miaka yote, vinachipua na kuchomwa, vinachipua na kukatwa. Walipoacha kuvichoma, vikapanda vyenyewe. Sokwe nao wanahitaji miti hiyo nje ya mpaka, la sivyo watabaki wamefungiwa kwenye kipande kile kimoja, wakioana wao kwa wao.

Shemeji akataka kujua nani anazuia watu wasikate. Nahodha akajibu kwamba kijiji kina walinzi wake wa msitu, vijana waliochaguliwa na wenzao, wanazunguka na simu wakipiga picha kila kisiki kipya na kila mtego wanaoukuta. Mpwa wake ni mmoja wao. Akaongeza kwamba mama yake ana shamba la michikichi chini ya mlima ule, na kijito kinachopita shambani, ambacho zamani kilikauka Julai, mwaka uliopita bado kilikuwa na maji Septemba.